Majina Kabla, Majina Baada: Daftari la Kutulo

Jumatatu, 10 Februari 2025

Miaka 41 leo tangu mauaji ya Wagalla. Alasiri nilipita dukani kwa adeer, yaani ami, kununua sukari, nikamkuta ameketi nje na tasbihi yake. Alinipimia kilo moja, akakaza fundo la mfuko, kisha akauliza kama darasani huwa nafundisha habari za mwaka 1984. Nikamjibu nafundisha, hata kama haziji kwenye mtihani. "Basi wafundishe na swali tuliloulizwa," akasema. Swali lenyewe lilikuwa moja: wewe ni wa ukoo gani? Baada ya hapo hakuongeza neno.

Tarehe 10 Februari 1984 wanajeshi na polisi waliwatoa wanaume wa ukoo wa Degodia majumbani mwao, Wajir mjini na viungani, wakawapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla. Waliwekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, wamevuliwa nguo. Kuna waliopigwa risasi, kuna waliokufa kwa kiu na kipigo, na maiti nyingi zikaenda kutupwa porini. Serikali ilisema ilikuwa inasaka bunduki. Kwa miaka mingi hesabu yake ilibaki 57. Mwaka 2000 ikakiri 380. Walionusurika wanataja idadi inayozidi hiyo kwa mbali, na Salah Abdi Sheikh alikwisha kuyaandikia mauaji hayo kitabu kizima mwaka 2007. Mbunge Ahmed Khalif aliyasema Bungeni wakati kuyasema kulikuwa hatari. Annalena Tonelli, yule Mtaliano aliyekuwa akiwauguza wagonjwa Wajir, aliwatafuta majeruhi na maiti, akapeleka habari nje, na mwisho akafukuzwa nchini.

Watu wale hawakuandamana. Hawakubeba bango wala kupaza sauti. Naliandika hili kwa sababu kila ninapofika kwenye mada ya haki za raia, vijana wangu huyachukulia maandamano kuwa mambo ya Nairobi, na wageni wanaopita huku husema watu wa kaskazini wamelala. Hawajalala. Mtu aliyekusanywa na serikali asirudi nyumbani huwaachia wajukuu woga wa mkusanyiko wowote ambao serikali inaujua.

Jumatano iliyopita, tarehe 5, Rais Ruto alikuwa Wajir, akatia sahihi tangazo la kukomesha msasa wa vitambulisho, ule wa kuhojiwa asili yako mbele ya kamati, kwa kaunti za mpakani. Siku mbili kabla yake machifu watano walitekwa na al-Shabaab kati ya Elwak na Wargadud, kwenye barabara hii hii inayopita kwetu Kutulo. Mji mzima unazungumza mambo hayo mawili kwa pumzi moja.


Alhamisi, 13 Februari

Kidato cha Tatu, kipindi cha mwisho, joto kali. Tulisoma Kifungu cha 37 cha Katiba: kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Wote wakaandika. Kisha msichana wa dawati la mbele akauliza, "Maalim, ruhusa inaombwa kwa nani?"

Nilisubiri swali hilo. Ruhusa haiombwi. Iliombwa zamani: sheria ya usalama wa umma, Sura ya 56, iliandikwa na Mwingereza mwaka 1950, na Kenya huru ikaendelea nayo. Mkutano bila leseni ulikuwa kosa. Rais Moi aliitumia hivyo mpaka 1997, pale wabunge wa chama tawala na wa upinzani walipopatana na leseni ikaondolewa. Tangu hapo mwandalizi anapeleka taarifa tu kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Polisi anaweza kusema hapana ikiwa kuna watu wengine waliokwisha kuleta taarifa ya mahali pale pale, siku ile ile na saa ile ile. Nimewaambia wayakariri hayo kama wanavyokariri sura fupi.

Nikachora fomu ubaoni. Jina kamili la mwandalizi. Mahali anapoishi. Tarehe na saa. Uwanja au njia itakayofuatwa. Yule msichana akainua mkono tena. Jina la mwandalizi ni la nini? Nikamjibu: polisi wajue ni nani wa kuzungumza naye, na sheria inamtaka awepo siku hiyo asaidie kulinda amani.

"Na wakishamjua?"

Darasa zima lilinitazama. Nilieleza kuhusu mahakama, kuhusu IPOA, chombo kinachopokea malalamiko dhidi ya polisi. Yote niliyosema ni kweli. Lakini nilipokuwa nikifuta ubao nilielewa kwamba kwake fomu ile ilianza na kuishia kwenye mstari wa kwanza.


Jumapili, 23 Februari

Nimekaa na adeer tangu baada ya Adhuhuri. Leo alikuwa na hamu ya kusema, si ya 1984, bali ya utoto wake.

Watu husimulia habari za huku kuanzia kwenye vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujitenga, kana kwamba bunduki zilitangulia. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1962 Uingereza ilileta tume kuuliza watu wa NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, wanataka nini. Watu walijitokeza kwa maelfu, wakasimama makundi makundi, wakajibu, na tume yenyewe ikakiri kwamba Wasomali walio wengi walitaka kujitenga na Kenya. Machi 1963 London ikaamua kinyume chake: kaskazini mashariki itakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Watu wakafanya walichoweza kufanya bila silaha. Walisusia uchaguzi wa Mei mwaka huo. Machifu wengi wakajiuzulu. Yalikuwa malalamiko ya wazi, ya mchana, yenye hoja, uikubali hoja hiyo au uikatae.

Majibu yalikuja Desemba. Kenya ilipata uhuru tarehe 12, na tarehe 28 ikatangaza hali ya hatari huku. Siku kumi na sita. Bendera mpya ilikuwa haijapauka, nasi tukawa tumerudishiwa sheria za mkoloni: kukamatwa bila kibali, kuzuiliwa bila mashtaka, kuswagwa vijijini penye ulinzi, mifugo kutaifishwa. Vita viliendelea hadi 1967, makubaliano yakafanyika Arusha, lakini hali ya hatari haikuondolewa. Tuliishi nayo hadi 1991. Na mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huku kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967.

Namna hii ya kutawala ina hatua zake, na kila hatua inaandaa inayofuata. Kwanza lalamiko linapewa jina la usalama. Kisha watu wa eneo zima wanahesabiwa kuwa washukiwa. Halafu yanatendeka ya kutendeka, na mwisho inatungwa sheria ili yasiulizwe. Kwa kuwa yalitendeka mbali, waliokuwa Nairobi waliona ni habari za jangwani.

Adeer anakumbuka jambo moja la siku hizo, la jirani yao. Mzee yule alikuwa na ngamia wengi. Wakaja askari wakamwuliza shifta wako wapi, akasema hajui, wakaondoka na ngamia. Akawafuata kwa miguu hadi kituoni, akaketi nje ya lango. Aliketi pale kutwa, akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakupaza sauti. Aliita ngamia wake mmoja mmoja kwa jina, na kutoka zizini wakamwitikia. "Hayo nayo si maandamano?" adeer akaniuliza. Ngamia hawakurudishwa.


Jumanne, 8 Aprili

Machifu wote watano wamerudi hai, baada ya miezi miwili mikononi mwa al-Shabaab. Alhamdulillahi. Juhudi za wazee zinatajwa kila mahali.

Nimewaza sana juu ya chifu. Huku ndiye serikali: barua ya kitambulisho kwake, chakula cha msaada kwake, baraza kwake. Serikali ikiwa na neno, chifu anaita baraza, watu wanaketi chini ya mgunga, wanaambiwa. Wananchi wakiwa na neno, njia ni ile ile ikigeuzwa: mzee anamnong'oneza chifu, chifu anampelekea mkubwa wake, na mara nyingi neno linaishia huko. Ndiyo maana kijana akipiga kelele barabarani anaambiwa hana adabu, mbona hakupitia kwa wazee? Sitaki kuudharau utaratibu huu, umezuia damu mara nyingi. Lakini chifu mwenyewe yuko katikati ya mioto miwili. Al-Shabaab wanamwona ni wa serikali, na serikali inamdai habari za watu wake. Hawezi kuwa sikio la raia huku anaogopa pande zote mbili.


Alhamisi, 12 Juni

Nimelala vibaya tangu Jumatatu. Albert Ojwang alikuwa mwalimu kama mimi. Alikamatwa Homa Bay nyumbani kwa baba yake kwa sababu ya maneno aliyodaiwa kuandika mtandaoni kumhusu naibu wa Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Akasafirishwa hadi Nairobi, na kabla hakujapambazuka akawa amekufa katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Juzi wapasuaji maiti, wakiongozwa na Daktari Bernard Midia, wakaeleza walichoona: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, michubuko mwilini. Mtu hajipi majeraha ya namna hiyo kwa ukuta.

Katika chumba cha walimu mwenzangu wa kutoka Nyanza hakusema kitu kutwa nzima. Walimu wa kutoka nje ya kaunti hii si wengi tena. Basi lililoshambuliwa karibu na Mandera Novemba 2014 lilikuwa na walimu wakienda likizo. Watu 28 waliuawa siku ile. Mwaka uliofuata walimu walionusurika huku walipiga kambi nje ya makao makuu ya tume ya walimu Nairobi wakidai wahamishwe. Hayo yalikuwa maandamano ya watu waliokataa kurudi kufa. Shule nyingi hazijapata walimu wa kutosha tangu wakati huo.

Nilimpikia mwenzangu chai nikaketi naye. Akasema, "Huyu alikuwa mikononi mwao, amefungwa. Hakuwa hata barabarani."


Jumatano, 25 Juni, usiku

Soko la Kutulo lilifunguliwa kama kawaida. Mbuzi waliuzwa, boda boda zilipita, magari ya kujenga barabara yalitimua vumbi. Hakuna aliyeandamana. Lakini kila simu yenye mtandao ilizungukwa na watu.

Mwaka mmoja leo tangu vijana waingie Bungeni kuupinga Muswada wa Fedha wa 2024. Polisi waliwapiga risasi nje ya lango. Jioni ile ile waziri wa ulinzi, Aden Duale, mtu wa Garissa, akachapisha amri ya kuwatoa wanajeshi wa KDF kambini kuwasaidia polisi. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi muswada. Chama cha mawakili kikaenda kortini kulipinga jeshi, na Jaji Lawrence Mugambi akaliruhusu libaki, ila akaiamuru serikali itangaze bayana jeshi litakaa wapi, kwa muda gani, kwa kazi gani.

Nakumbuka niliisoma hukumu ile hapa hapa kwenye kitanda changu. Wapi, muda gani, kazi gani. Hayo ndiyo maswali ambayo hakuna korti iliyotuulizia sisi kwa miaka 28 ya hali ya hatari. Nilifurahi kwa ajili ya Nairobi. Nilifurahi kweli. Na nilihuzunika kwamba ilibidi wanajeshi wafike Nairobi ndipo maswali hayo yakapata jaji.

Leo mchana mamlaka ya mawasiliano iliamuru runinga na redio ziache kurusha maandamano moja kwa moja. Matangazo ya NTV na KTN yakazimwa. Jioni Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Vijana hapa wanajua vizuri giza la habari lilivyo, kwa sababu al-Shabaab wamebomoa milingoti ya simu huku mara nyingi. Mlingoti ukianguka, mji hauwezi kuita msaada wala kusema kilichoupata. Kijana mmoja wa boda boda alisema: anayezima, awe nani, anataka kufanya kitu kisionekane.


Ijumaa, 27 Juni

Amnesty wametaja watu 16 waliokufa juzi. Jana waziri wa usalama wa ndani, Kipchumba Murkomen, amewaambia polisi wampige risasi yeyote atakayekaribia kituo cha polisi. Nimeisikiliza video mara mbili ili nisimsingizie.

Nawaza kuhusu kile kipengele nilichowafundisha Februari. Taarifa inapelekwa kwa mkuu wa kituo cha polisi. Je, aliyeibeba hiyo barua anakikaribia kituo, au hakikaribii?


Alhamisi, 10 Julai

Saba Saba imepita. Tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, imehesabu waliokufa 31 kwa siku hiyo moja. Siku ambayo watu walitoka 1990 kudai vyama vingi imekuwa tena siku ya kuzika. Na jana Rais amesema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi mguuni, wapitie hospitalini wakielekea kortini. Risasi haina utii wa namna hiyo. Mguu una mshipa mkubwa, na mtu anayekimbia hana mguu uliotulia.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Vijana waliokamatwa Juni 25 wanapelekwa korti ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Sisi tunaijua Kahawa. Tunaijua sheria ya kuzuia ugaidi ya 2012 tangu ilipokuwa mpya. Aprili 2014 Wasomali kwa maelfu walikusanywa Eastleigh, wakazuiliwa uwanja wa Kasarani ili wachujwe, na wenye vitambulisho halali walikuwa humo pia. Wakati ule Wakenya wengi walisema kama huna hatia unaogopa nini. Sheria ikishazoeshwa kumtafuna mtu wa pembeni haichagui tena mlo. Sifurahii kwamba sasa imewafikia watoto wa Kikuyu, Matuu na Dagoretti. Naomba tu safari hii tusikubali kugawanywa tena kati ya wanaostahili kuteswa na wasiostahili.

Kuna mwalimu aliyelikataa hilo waziwazi. Desemba 2015 basi lilisimamishwa karibu na Elwak, al-Shabaab wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, na abiria wenzake walikataa. Alipigwa risasi, akafa Nairobi Januari 2016. Taifa lilimpa nishani. Najua kwamba bunduki iliyokuwa mbele yake si ya serikali. Lakini amri ilikuwa ile ile ya Wagalla na ya Kasarani: semeni ninyi ni nani, simameni mbalimbali.


Jumatatu, 14 Julai

Miaka 14 tangu atutoke Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir. Nimewasomea wanafunzi habari zake, kwa sababu wiki hizi zimejaa risasi nami sitaki waamini hakuna njia nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa zikiuana, na serikali ilikuwa imeshindwa. Njia yake ilikuwa kukamata, kutoza koo faini na kutuma malori ya askari. Wanawake wa sokoni ndio walioanza. Walikubaliana kwamba sokoni hakuna mwanamke atakayekatazwa kununua au kuuza kwa sababu ya ukoo wake, wakaweka zamu ya kulisimamia hilo. Wakawafuata wazee, wazee wakaja, wakafuatwa vijana, kisha maofisa. Mwaka 1995 kamati yao ya amani ikaingizwa rasmi katika kamati ya maendeleo ya wilaya, mkuu wa wilaya akiketi nayo meza moja. Baadaye kamati za amani zikaigwa sehemu nyingi za Kenya, na Dekha akapewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Kumbe inawezekana. Serikali ile ile, mji ule ule, miaka kumi na kitu tu baada ya Wagalla. Kilichobadilika ni kwamba ofisa alikubali kuketi na watu wanaolalamika kabla ya kuita lori la askari, na wanaolalamika walikuwa wamekwisha kujipanga kiasi cha kutoweza kupuuzwa. Yote mawili yalihitajika.


Jumanne, 9 Septemba

Mahakama Kuu ya Kerugoya imelisimamisha lile jopo la fidia kwa waathiriwa wa maandamano, linaloongozwa na Profesa Makau Mutua. Waliokwenda kortini wanasema Rais hana mamlaka ya kuliunda. Sheria iamue. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye mwaka. Jopo lilipewa kazi ya kuanzia 2017.

Mzee aliyepoteza ndugu Wagalla alisikia neno fidia redioni, akaja kuniuliza kama aandike jina. Ilibidi nimweleze mwaka. Akahesabu kwa vidole, akasema basi wao walikufa mapema mno. Machi 2015 Rais Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Ripoti ya tume ya ukweli na haki ilikuwa imekamilika miaka miwili kabla. Mzee huyu alitoa ushahidi wake mwenyewe. Kisha akarudi nyumbani kusubiri, na bado anasubiri.

Hili ndilo linaloniuma, na nimelizungukia mwaka mzima. Serikali inataka majina kabla. Jina la mwandalizi, la babu kwenye msasa wa kitambulisho, la ukoo uwanjani Wagalla. Huko mbele ni hodari wa kuandika. Mtu akishakufa, hodari huyo anaishiwa na wino: inabaki tarakimu, na tarakimu yenyewe hutolewa kwa kubishaniwa, 57, halafu 380. Waliokufa 2024 tunawajua kwa majina, Rex Masai wa kwanza wao, kwa sababu marafiki zao waliyaandika mtandaoni usiku ule ule. Boniface Kariuki, muuza barakoa aliyepigwa risasi Juni 17 mwaka huu, tunamjua kwa sababu kulikuwa na kamera. Wagalla hapakuwa na kamera. Kulikuwa na mwanamke mmoja mgeni, mbunge mmoja, na wajane.

Nimemwambia mzee alete majina hata hivyo. Tumeanza kuyaandika kwenye daftari la shule, jina la mtu, la baba, la babu, na alikotolewa.


Alhamisi, 20 Novemba

Mvua za deyr, yaani za vuli, hazikunyesha. Mifugo imeanza kulala njiani.

Habari za Tanzania zinasikika hata huku. Uchaguzi ulikuwa Oktoba 29, watu wakatoka mabarabarani, intaneti ikakatwa nchi nzima, kafyu ikawekwa Dar es Salaam, na Rais Samia akaapishwa Dodoma katika uwanja wa jeshi bila umati wa raia. Mamia wameshtakiwa kwa uhaini. Juzi ametangaza tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nilikua nikiambiwa kwamba Tanzania ni nchi ya utulivu, ila nilisahau kuuliza watu wa Pemba. Januari 2001 waandamanaji wa chama cha CUF walipigwa risasi Unguja na Pemba, na wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, wakawa wakimbizi Kenya. Nayo ilipata tume, ya Brigedia Hashim Mbita.

Sizikatai tume. Naiombea hii ipokee majina kutoka kwa kila mlango utakaobishwa, na iyachapishe.


Jumamosi, 22 Novemba

Boza la maji halijaonekana kwa wiki kadhaa. Wanaohusika wameambiwa, kwa chifu, kwa wazee, kwa simu. Leo akina mama wamekuja kwangu, na pamoja nao yule msichana wa dawati la mbele, aliyefunga shule mwezi uliopita. Ametimiza miaka 18, amepata barua ya kitambulisho bila kupelekwa mbele ya kamati. Mkononi alikuwa na daftari la Februari, ukurasa wa fomu.

Tumeandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Njia: kutoka kisimani hadi ofisi ya serikali. Saa: tatu asubuhi hadi saa tano, kabla jua halijawa kali. Siku tumeijadili sana. Ijumaa haifai kwa sababu ya sala, Jumamosi ofisi imefungwa. Barua itapelekwa kesho kutwa Jumatatu, nasi tutatoka Jumatatu inayofuata, tarehe 1 Desemba, ambayo ni siku saba, ndani ya sheria bila ubishi. Hakuna kijana atakayebeba jiwe wala fimbo ya mifugo. Vibuyu na madumu matupu yanatosha.

Tulipofika kwenye jina la mwandalizi kukawa kimya. Fomu ina nafasi ya mtu mmoja. Mama anayeuza maziwa ya ngamia akasema waandike lake, ana watoto wakubwa. Msichana akakubali, ila akachukua karatasi ya pili, akaanza kuandika ya wote waliokuwemo chumbani, jina, la baba, la babu. Nikaandika langu chini ya la mwenzangu wa Nyanza, aliyekuwa amepita tu kuniletea vitabu. Tumefanya nakala tatu. Ya kwanza ni ya polisi, ya pili inakwenda na dereva wa basi hadi kwa ndugu Nairobi, ya tatu inabaki kwetu, na hiyo lazima igongwe muhuri wa kupokelewa. Nimewaambia wasiondoke pale kaunta bila muhuri.